Kazi ya Mtu Mmoja Huhitaji Watu Wangapi?

Anayefanya kazi peke yake, awe mtafsiri, mchoraji, mtunzi wa muziki, mtafiti au mwandishi wa programu, hupewa nasaha mbili zinazopingana. Mmoja humwambia ajifungie, azime simu, aikalie kazi mpaka ikubali. Mwingine humwambia atoke, achangamane, ajiunge na vikundi, kwani mawazo mapya hayapatikani kwa kuutazama ukuta. Kila mmoja ana nusu ya ukweli, na nusu inayokosekana ndiyo huharibu kazi za watu. Aliyejifungia miezi sita hutoka na kitu kilichokamilika, ila kilipinda tangu wiki ya pili na hapakuwa na jicho la kukiona. Anayezungukwa na watu kila saa hutoka na kitu kinachofanana na cha kila mtu.

Ninachokitetea hapa ni mpangilio. Ubunifu wa anayefanya kazi peke yake hulishwa na watu wengine, hilo sina shaka nalo, lakini idadi ya watu haisemi mengi. Kinachoamua ni lini unawaendea, una nini mkononi, umemchagua nani, na unarudi chumbani baada ya muda gani.

Mwaka 2018 Ethan Bernstein, Jesse Shore na David Lazer walichapisha jaribio linaloonyesha jambo hili vizuri kuliko mengi niyajuayo. Waliwagawa watu katika vikundi vya watatu watatu, wakawapa fumbo la kutafuta njia fupi zaidi ya kupitia miji mingi na kurudi pale safari ilipoanzia. Katika vikundi vya kwanza, wanakikundi hawakuonyeshana majibu kabisa. Katika vya pili walionyeshana kila raundi. Katika vya tatu walionyeshana kwa vipindi tu. Waliotengana waliyafikia majibu bora kabisa mara nyingi zaidi, lakini wastani wao ulikuwa wa chini, kwa kuwa walioshindwa walishindwa vibaya. Walioonyeshana muda wote walikuwa na wastani mzuri, ila majibu bora kabisa yaliwaponyoka, maana walirundikana mapema kwenye jibu moja la kuridhisha. Walioonyeshana kwa vipindi walipata yote mawili.

Kuna tokeo jingine la jaribio hilo ambalo wengi hulipita. Watu walipoonana muda wote, wenye majibu dhaifu waliwaiga wenye majibu mazuri, na wenye majibu mazuri hawakuwatazama wale dhaifu. Walipoonana kwa vipindi, hata waliokuwa mbele walipata cha kuchukua kwa waliokuwa nyuma. Ule muda wa kutengana ulimpa kila mmoja nafasi ya kwenda kombo kwa namna yake, na ukombo wa mmoja ukawa na kipande alichokikosa mwenzake. Ukiondoa utengano, hapabaki cha kubadilishana.

Hapo ndipo vikao vya bungua bongo, yaani vya kutafuta mawazo kwa pamoja, huenda mrama. Mbinu hiyo ilienezwa na Alex Osborn, Mmarekani wa biashara ya matangazo, aliyeamini kwamba kikundi huzaa mawazo mengi kuliko watu walewale wakiwa mbalimbali. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilipima dai hilo. Walilinganisha vikundi halisi vya watu wanne na orodha za watu wanne waliofikiri kila mmoja kivyake, zikaunganishwa na yaliyojirudia yakafutwa. Waliotengana walishinda kwa mbali. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walitafuta sababu. Walipima uvivu wa kumtegea mwenzako, wakapima hofu ya kuhukumiwa, wakapima na jambo moja dogo: kwamba mmoja akisema, wengine hunyamaza. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa na uzito mkubwa. Ukisubiri zamu, ama unalisahau wazo lako, ama unalishikilia kichwani na kuacha kuzaa jingine, ama unaliona halifai baada ya kusikia la mwenzako.

Kwa hiyo wanaokutana kutafuta mawazo waanze kwa ukimya. Dakika 10 hadi 15, kila mtu na karatasi yake, na lengo liwe la idadi, tuseme mawazo 10 kwa kila mmoja, mazuri na mabaya. Kisha karatasi zizungushwe mkono kwa mkono, kila mmoja aongeze mstari chini ya wazo la mwenzake. Mazungumzo yaje mwisho. Kikao kinachoanza kwa mazungumzo huishia kulizunguka wazo la aliyetangulia kusema, na mara nyingi aliyetangulia ni mwenye sauti, si mwenye wazo.

Basi mtu mwingine anakupa nini hasa usichoweza kujipa? Mambo kadhaa, na yanatofautiana kiasi kwamba ni nadra mtu mmoja kukupa yote.

La kwanza ni kulazimika kueleza. Mwaka 2002 Leonid Rozenblit na Frank Keil waliwaomba watu wajipe alama za uelewa wao wa vitu kama zipu, kufuli na cherehani: vinafanyaje kazi? Watu walijipa alama nzuri. Wakaombwa waandike maelezo hatua kwa hatua, kisha wajipe alama upya. Alama zikashuka. Hakuna aliyewasahihisha, kule kueleza tu kuliwaonyesha matundu ambayo hawakujua wanayo. Anayefanya kazi peke yake huishi kwa miezi katika hali ile ya kabla ya kueleza. Anaujua mradi wake kama watu wale walivyoijua zipu: kwa kuuona kila siku.

Waandishi wa programu wana desturi ya kumweleza bata wa plastiki msimbo wao, yaani maagizo waliyoiandikia kompyuta, mstari kwa mstari, na kwa makosa ya mantiki desturi hiyo husaidia kweli. Lakini bata hana uso. Mtu hukunja uso pale anapopotea, na mkunjo huo ndio habari unayoitafuta. Namna ya kuupata ni hii. Mweleze mtu kazi yako kwa dakika tatu bila kumwonyesha chochote, wala mchoro wala ukurasa. Ukimaliza, mwombe akurudishie maelezo yale kwa maneno yake. Usimsahihishe. Andika tofauti mbili: alichokiacha na alichokiongeza. Alichokiacha ama hakina umuhimu unaodhani, ama hukukisema vizuri. Alichokiongeza kina thamani zaidi, kwa sababu akili yake imeziba pengo ulilomwachia, na mara nyingi kiraka chake ni bora kuliko mpango wako wa awali. Wanaoharibu zoezi hili ni wale wanaokatiza dakika ya kwanza kwa "hapana, sikumaanisha hivyo". Ukishasema hivyo, msikilizaji anaacha kufikiri na kuanza kukisia unachotaka kusikia.

La pili ni habari kutoka mbali. Mwaka 1973 Mark Granovetter alichapisha utafiti wake kuhusu nguvu ya mahusiano hafifu. Kati ya watu aliowahoji katika mji wa Newton, Massachusetts, waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara mbili au zaidi kwa wiki. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 walionana naye mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Rafiki wa karibu anakupenda zaidi, lakini anajua yale unayoyajua. Mnasoma yaleyale, mnawasikiliza walewale, mnacheka mambo yaleyale. Mtu wa mbali hukujali kidogo na kujua mengi usiyoyajua.

Ronald Burt aliipeleka hoja hiyo kwenye mawazo yenyewe. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2004, mameneja wa kampuni kubwa ya vifaa vya elektroniki ya Marekani waliombwa waandike wazo la kuboresha kazi, na wakuu wao wakayapa mawazo hayo alama bila kujua yametoka kwa nani. Mameneja waliokuwa na mguu mmoja kwenye kundi hili na mwingine kwenye kundi lile, makundi yasiyozungumza, ndio waliopata alama za juu. Sehemu kubwa ya faida yao ilikuwa kusafirisha: jambo la kawaida kabisa upande huu likawa jipya upande ule. Naliona hili kuwa jambo la kutia moyo kwa yeyote anayedhani ubunifu ni karama ya wachache.

Pima hali yako kwa karatasi moja. Andika majina ya watu 10 wa mwisho uliozungumza nao kuhusu kazi yako, kisha chora mstari kati ya kila wawili wanaofahamiana. Karatasi ikijaa mistari, una chanzo kimoja cha habari chenye midomo kumi. Ikiwa na makundi mawili au matatu yasiyogusana, na wewe peke yako katikati, uko mahali pazuri kuliko unavyodhani.

Wanaoona karatasi yao imejaa mistari hukosea tena kwa kutafuta watu wa fani ileile, wageni tu. Mwandishi wa hadithi huwatafuta waandishi wengine wa hadithi. Ushauri wangu ni kumtafuta mwenye kizuizi kilekile, hata kama mada yake haihusiani kabisa na yako. Mtafsiri wa maandishi ya chini ya filamu hupambana na nafasi: mistari miwili, herufi zipatazo 40 kwa mstari, na sekunde chache za kusoma. Mwenye kizuizi hicho ni mhariri wa vichwa vya habari gazetini, au anayeandika maelekezo ya vibao vya barabarani. Mtunzi wa muziki asiyejua atokeje kwenye sehemu ya kwanza kwenda ya pili bila msikilizaji kushtuka ana tatizo la mhariri wa filamu. Anayebuni programu ya kupanga foleni ya maombi ana tatizo ambalo muuguzi wa chumba cha dharura analitatua kila zamu, akiamua nani aonwe kwanza. Ili kumpata mtu huyo, andika tatizo lako kwa sentensi moja isiyo na neno hata moja la fani yako. "Nahitaji kupunguza bila kupoteza maana." "Nahitaji kubadilisha hali bila mtu kuona mshono." Sentensi ikishasimama, majina huja yenyewe.

Mahusiano ya mbali ndiyo hufa kwanza, na hufa kimya. Utafiti wa wafanyakazi 61,182 wa Microsoft nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2022 na kuhusu nusu ya kwanza ya mwaka 2020, ulionyesha kwamba walipohamia nyumbani mitandao yao ya ushirikiano iliganda: vikundi vilijifungia ndani na madaraja baina ya vikundi yakapungua. Uhusiano wa karibu una sababu ya kila siku ya kuendelea, kwa sababu kuna kazi ya pamoja. Uhusiano wa mbali uliishi kwa kukutana kwenye ngazi. Asiye na ngazi za kukutania lazima aweke tarehe. Jumbe mbili kwa mwezi, kila moja kwa mtu tofauti wa mbali, dakika 15 kwa kila ujumbe, zinatosha. Tuma kitu ulichokiona kinachomhusu yeye, usitume maombi, na usimdai jibu.

La tatu ni kuhojiwa, na hapa kisa cha Andrew Wiles kina somo ambalo husimuliwa nusu. Wengi wanajua kwamba mwanahisabati huyu alianza mwaka 1986 kuifanyia kazi kwa siri Nadharia ya Mwisho ya Fermat, dai la hisabati ambalo halikuwa limethibitishwa, akiwa Chuo Kikuu cha Princeton, na kwamba mwaka 1993 alitangaza ameithibitisha. Wachache hutaja kwamba kabla ya kutangaza, Januari 1993, alimfungulia siri mwenzake Nick Katz. Wawili hao walipanga aieleze hoja hiyo kwa mfumo wa kozi yenye jina la kawaida ili mtu asishuku. Wanafunzi, wasiojua hesabu zile zinaelekea wapi, waliacha mmoja baada ya mwingine, akabaki Katz. Alisikiliza mpaka mwisho na hakuona kosa.

Juni 1993 Wiles akatangaza mjini Cambridge. Baadaye Katz akawa miongoni mwa wakaguzi wa muswada, akausoma mstari kwa mstari na kumtumia Wiles maswali kwa barua pepe. Maswali mengi yalijibika upesi. Mwezi Agosti likaja moja lisilojibika, na nyuma yake palikuwa na pengo la kweli. Msikilizaji ni yuleyule, hoja ni ileile, mwandishi ni yuleyule. Kilichobadilika ni namna ya kukutana. Anayesikiliza hotuba analazimika kuchagua kati ya kumkatiza msemaji kila sentensi na kumwacha aende, na kwa adabu humwacha aende. Anayesoma na kuuliza kwa maandishi hana haja ya kuchagua. Ndiyo maana nasema: ukitaka nguvu ya wazo, lieleze kwa mdomo, ukitaka kosa lake, mpe mtu maandishi na umwombe aandike swali kila anapokwama. Wiles alimwita Richard Taylor, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, wakapambana na pengo lile miezi kadhaa ya mwaka 1994. Njia ilionekana tarehe 19 Septemba, na siku hiyo Wiles alikuwa peke yake mezani kwake.

Tuje kwenye swali lenyewe, maana hapa ndipo wengi hupoteza msaada uliokuwa tayari kuja. "Unaionaje?" ni swali lisilo na mpini. Aliyeulizwa hajui kama unataka sifa, kosa au njia, basi huchagua kilicho salama, yaani sifa. Charles Darwin, aliyefanya kazi nyumbani kwake kijijini Down tangu 1842 mpaka alipofariki 1882, alijua kuuliza kuliko mtu yeyote ninayeweza kumtaja. Barua zinazojulikana leo, alizoandika na alizopokea, zinazidi 15,000, na walioandikiana naye ni kama watu 2,000: wafuga njiwa, watunza bustani, mabaharia, wanasayansi. Mwaka 1867 alipotaka kujua kama binadamu wote huonyesha hisia kwa namna moja, alichapisha orodha ya maswali yenye namba na kuisambaza sehemu nyingi za dunia. Swali la kwanza liliuliza kama mshangao huonyeshwa kwa macho na mdomo kufunguka sana na nyusi kuinuka. Mtu anaweza kujibu hilo kwa kutazama, bila kuwa mwanasayansi. Na aliwaomba wasitegemee kumbukumbu, maana kumbukumbu hudanganya. Alitaka kilichoonekana kwa macho, na katika hali gani.

Mfano wa karibu zaidi ni wa tarehe 25 Agosti 1991. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 21, aliwaandikia watumiaji wa mfumo wa kuendesha kompyuta uitwao MINIX. Alikuwa ameifanyia kazi Linux, mfumo wake mwenyewe wa aina hiyo, peke yake tangu Aprili. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: ninatengeneza nini, kimefika wapi, programu gani mbili tayari zinafanya kazi juu yake, na niambieni mnachopenda na msichopenda katika MINIX. Tazama muda. Alisubiri mpaka kitu kiweze kusimama, lakini hakusubiri kiishe. Tazama na swali: aliwauliza kuhusu kifaa walichokijua kwa uzoefu, kabla ya kuwauliza wangetaka nini katika chake ambacho hawajakiona.

Ujumbe mzuri wa kuomba msaada hauzidi maneno 150 na una sehemu nne: kazi ni nini kwa sentensi moja, umefika wapi, umejaribu nini kikakataa, na swali moja linalojibika kwa dakika tano. Maswali mawili hupata jibu la moja, tena lile rahisi. Kiambatisho kiwe kipande, kurasa mbili au dakika mbili za sauti, si kazi nzima. Anayetumiwa kurasa 80 huahidi kuzisoma wikendi, wikendi hupita, kisha aibu ya kuchelewa humfanya anyamaze kabisa. Umepoteza jibu na umempoteza mtu.

Suala la wakati linastahili ukali. Mwaka 1991 David Jansson na Steven Smith waliwapa wanafunzi wa uhandisi kazi ya kuunda kikombe cha kahawa cha kutupwa kisichomwagika. Wengine walionyeshwa mfano wenye mrija na mdomo wa kunywea, na maelekezo yalikataza vitu hivyo waziwazi. Walioonyeshwa mfano waliviweka hata hivyo, mara nyingi kuliko wasioonyeshwa. Jicho likishaona, mkono hufuata. Kwa sababu hiyo kazi ikiwa changa kabisa, zungumza na watu kuhusu tatizo, usiwaonyeshe suluhisho lako na usitazame la kwao. Ikifika nusu, yaani inaposimama lakini bado unaweza kubomoa theluthi yake bila kulia, hapo ndipo pa kuonyesha, na hapo ndipo mtu wa mbali ana faida kubwa. Ikikaribia mwisho, mpe mtu wa fani yako atafute makosa, na mwambie wazi kwamba mwelekeo hauguswi tena. Makosa mawili ya kawaida ni kumwonyesha mhakiki mkali kitu cha siku tatu, kikafa, na kumwonyesha rafiki mpole kitu cha miaka miwili, akasema ni kizuri kwa kuwa hakuna tena la kufanya.

Njia ya kukutana nayo ina uzito wake. Melanie Brucks na Jonathan Levav walichapisha mwaka 2022 majaribio ya maabara pamoja na jingine la wahandisi 1,490 katika nchi tano. Wawili waliotafuta mawazo kwa video walipata machache kuliko waliokaa chumba kimoja, kwa sababu macho ya wa video yaliganda kwenye skrini, na macho yakibanwa na fikra hubanwa. Katika kuchagua wazo bora kati ya yaliyopatikana, wa video hawakuwa nyuma. Basi kama hamwezi kuonana ana kwa ana, tafuteni mawazo kwa simu ya sauti, kila mmoja akitembea au akitazama dirishani, na video muiweke kwa siku ya kuchagua.

Wengi watataka kikundi cha kudumu, nami nakiunga mkono kikiwa kidogo. Watu watatu au wanne. Wakifika sita, zamu ya kila mmoja inakuwa mbali mno, na anayekosa kikao kimoja haonekani amekosa. Kila baada ya wiki mbili, dakika 60, watu wawili tu huleta kazi. Mleta kazi atume kipande saa 48 kabla pamoja na swali lake. Kikaoni wengine waseme kwanza walichokisoma, yaani kipande kinafanya nini, kabla ya kusema kinapaswa kufanya nini, na mwenye kazi anyamaze dakika 10 za mwanzo akiandika. Vikundi hivi huvunjika kwa sababu zinazofahamika: zamu hazijapangwa, mmoja huleta kila mara na mwingine kamwe, au kikao hugeuka cha kupeana pole. Kupeana pole ni jambo jema na kuna watu wa kulifanya nao, ila lisile dakika za kazi. Kuna na uharibifu mwingine wa polepole. Baada ya mwaka hivi, wanakikundi hufahamiana kiasi kwamba kila mmoja anajua mwenzake atasema nini. Dalili yake ni kwamba unaanza kusahihisha kazi kabla ya kikao kwa kuwasikia kichwani. Hapo mwalikeni mtu mmoja mgeni kwa vikao vitatu, mwenye kizuizi kilekile na fani nyingine.

Baada ya kikao, usiiguse kazi siku ile. Maoni mabichi huwa na sauti ya aliyeyatoa, nawe humtii au humpinga mtu badala ya kulipima neno. Kesho yake yagawe mafungu matatu: niliyokuwa nayajua ila nilikwepa, yaliyonishangaza, na yanayotaka kazi nyingine kabisa. Fungu la kwanza lifanyie kazi mara moja. La pili lipe siku mbili au tatu za kukaa peke yako, bila kumuuliza mtu mwingine, kwa kuwa mshangao ndio mbegu uliyokwenda kuitafuta na huota polepole. La tatu liache, hata kama limesemwa na mtu unayemheshimu. Watu watatu wakionyesha mahali pamoja kwa sababu tatu tofauti, mahali hapo pana tatizo; sababu zao zinaweza kuwa hazifai zote.

Kisha mwandikie kila aliyekusaidia sentensi mbili: neno lake lipi umelichukua, na limebadilisha nini. Kama hukulichukua, mwambie pia na sababu yake. Mtu asiyejua maoni yake yalikwenda wapi huanza kutoa ya jumla, kisha mafupi, kisha hakuna. Anayejua huja mara ya pili na jicho kali zaidi, kwa kuwa ameona lilipogusa.